Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Historia Fupi ya Karantini ya Samaki wa Bahari

Utangulizi

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii inamsifu mgeni kwa heri anayoingia nayo nyumbani. Watu wanaofuga samaki wa bahari katika matangi ya vioo wamejifunza kinyume chake. Mara nyingi mgeni anapoingia mwenyeji hufa, na mgeni mwenyewe humfuata. Samaki hununuliwa akiwa na rangi safi na anaogelea vizuri. Baada ya siku 3, 7 au 14 anaacha kula, anapumua harakaharaka karibu na uso wa maji, na asubuhi moja anakutwa amelala chini ya tangi. Wiki inayofuata, samaki waliokuwamo humo kwa miaka miwili bila tatizo nao wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Insha hii inachunguza jinsi watu walivyoeleza vifo hivyo na jinsi walivyojaribu kuvizuia, kuanzia London katikati ya karne ya 19 hadi biashara ya leo ambayo imefika mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba lawama ilihama mara tatu: kwanza yalilaumiwa maji, kisha vimelea, na mwisho safari pamoja na namna ya kuvua. Kila maelezo yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, kila yalipopatikana maelezo mapya, watu walielekea kuyaweka kando yale ya zamani. Karantini, yaani kumtenga mgeni kwa wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wenyeji, ndiyo njia inayoyajibu maelezo yote matatu kwa pamoja. Ajabu ni kwamba ndiyo pia hatua ambayo watu huiruka kwa urahisi zaidi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwanafunzi wa historia, tena katika nchi isiyo na bahari, ajishughulishe na samaki wa mapambo. Nina sababu mbili. Kwanza, wengi wa samaki hao hawazaliwi katika matangi bali huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, ikiwemo ya majirani zetu wa Kenya. Pili, historia ya kinga ni ngumu kuandika. Ugonjwa ukitokea huacha kumbukumbu, lakini ugonjwa uliozuiwa hauachi chochote cha kuonyesha. Tukilielewa tatizo hili katika jambo dogo kama tangi la samaki, tutalielewa vizuri zaidi katika mambo makubwa ya afya ya watu.

Lawama ya kwanza: maji

Kuweka viumbe wa bahari hai mbali na bahari lilikuwa tatizo gumu hadi miaka ya 1840. Bi Anna Thynne wa London alileta matumbawe kutoka Torquay, pwani ya kusini ya Uingereza, mwaka 1846, na akafaulu kuyatunza nyumbani kwake. Siri yake ilikuwa kazi ya mikono. Mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku ili yaingiwe na hewa. Jina la bibi limeingia katika historia, ilhali mikono iliyofanya kazi hiyo ni ya mtu ambaye hatajwi sana.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza majaribio yake ya kuweka samaki wa maji baridi pamoja na mimea na konokono katika chombo kimoja. Mimea ilitoa oksijeni, konokono walikula mimea iliyooza, na samaki waliishi bila maji kubadilishwa kila mara. Muda si mrefu akajaribu maji ya bahari pia. Mwanahistoria asili Philip Henry Gosse aliifanya elimu hiyo ijulikane na umma. Mwaka 1853 jumba la kwanza la maonyesho ya samaki, yaani akwaria ya umma, lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Gosse akatoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium. Kodi ya vioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, na reli ilikuwa imeshaunganisha miji na pwani. Matangi yakawa mtindo katika nyumba za watu wenye uwezo.

Katika kipindi hiki, samaki akifa lawama iliangukia maji. Ama yamekosa hewa, ama yamepata joto, ama yamechafuka. Mtu aliyeifikisha fikra hiyo mbali zaidi ni William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa matangi ambaye baadaye alisimamia akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa mwaka 1864, na ile ya Crystal Palace, London, iliyofunguliwa mwaka 1871. Lloyd aliweka hifadhi kubwa ya maji ya bahari mahali penye giza na baridi, kisha pampu zikayapandisha maji hayo hadi kwenye matangi ya maonyesho na kuyarudisha tena. Maji yaleyale yalizunguka bila kukoma. Ulikuwa ubunifu mkubwa, na majumba mengi ya samaki yaliyofuata yaliufuata.

Lakini mpango huo ulikuwa na udhaifu ambao kwa wakati ule haukuonekana. Maji yakizunguka katika matangi yote, basi kwa upande wa magonjwa matangi yote ni tangi moja. Samaki mmoja mgonjwa katika kona moja ya jumba anashiriki maji na kila samaki mwingine. Suluhisho la tatizo la kwanza lilifungua njia kwa tatizo la pili.

Tunapaswa pia kukumbuka walikotoka viumbe waliojaza matangi hayo. Mwaka 1907 Edmund Gosse, mwana wa Philip Henry, alieleza katika kitabu chake Father and Son jinsi madimbwi ya miamba ya pwani ya Uingereza yalivyoharibiwa na wakusanyaji, na kwamba baba yake alihuzunika kwa kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyowavuta watu hao. Kiumbe aliyekufa katika tangi alifuatwa na mwingine aliyechukuliwa pwani. Jambo hili tutalirudia.

Sumu isiyoonekana

Kizazi cha Warington na Gosse kilielewa oksijeni, lakini hakikuelewa vizuri kinachotokea kwa kinyesi cha samaki. Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu kwake. Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walionyesha kwamba kugeuka kwa amonia kuwa nitrati ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga bakteria wanaohusika. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi.

Wanasayansi hao walikuwa wakichunguza udongo na maji taka, wala hawakuwa na haja na samaki wa mapambo. Ilichukua miongo mingi kwa elimu hiyo kuwafikia wafugaji wa kawaida. Kitabu cha Stephen Spotte cha mwaka 1970 kuhusu ufugaji wa samaki na viumbe wasio na uti wa mgongo ni miongoni mwa vilivyoeneza maelezo kwamba kichujio cha tangi ni makao ya bakteria kabla hakijawa chombo cha kunasa uchafu. Kutokana na hapo, vifo vya ghafla katika tangi jipya vilipata maelezo yanayoeleweka. Tangi lililojazwa maji jana halina bakteria wa kutosha. Ukiweka samaki 6 leo, amonia itapanda kwa siku chache, kisha nitriti itapanda, na samaki watakufa katika maji yanayoonekana safi kama kioo. Kwa kawaida bakteria huhitaji wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Dawa ya tatizo hili haiuzwi dukani, kwa sababu ni kungoja na kupima maji mara kwa mara.

Lawama ya pili: vimelea

Akwaria mpya ya London ilifunguliwa mwaka 1924 katika bustani ileile ya wanyama. New York ilikuwa na yake tangu 1896, San Francisco ilipata ya Steinhart mwaka 1923, na Chicago ikapata ya Shedd mwaka 1930. Shedd iko bara, mbali na bahari, hivyo maji yake ya kwanza yalisafirishwa kwa treni kutoka Key West, Florida. Majumba haya yalipokea samaki wa nchi za joto kwa wingi na yaliwaweka katika maji yaliyopashwa joto. Hapo ndipo vifo vya makundi vilipoanza kuchunguzwa kwa hadubini.

Katika akwaria ya London, mtafiti E. M. Brown alikieleza mwaka 1931, na kwa kina zaidi mwaka 1934, kimelea kidogo sana kinachoshambulia matamvua na ngozi ya samaki wa bahari. Leo kinaitwa Amyloodinium ocellatum. Mwaka 1936 Ross Nigrelli wa akwaria ya New York alitoa uchunguzi wake kuhusu umbo na mzunguko wa maisha wa kimelea hicho. Kimelea cha pili, kinachosababisha madoadoa meupe, kilielezwa na Sikama huko Japani mwaka 1937, na Brown akakipa jina la Cryptocaryon irritans mwaka 1951. Mwaka 1966 Nigrelli na Ruggieri waliandika kuhusu milipuko ya ugonjwa huo katika akwaria ya New York. Mwaka 1970 Lom na Nigrelli walieleza kimelea cha tatu na kukiita Brooklynella, kwa jina la Brooklyn, mtaa wa New York ambako akwaria hiyo ilikuwa imehamia.

Ukitazama orodha hii utagundua jambo moja. Baadhi ya magonjwa muhimu zaidi ya samaki wa bahari yalipata majina katika majumba ya maonyesho kabla ya kuchunguzwa sana baharini. Haimaanishi kwamba vimelea hivyo vilizaliwa ndani ya matangi. Baharini kimelea kilichotoka kwenye samaki mmoja hupotea katika maji mengi, na kumpata samaki mwingine ni bahati. Ndani ya tangi hakuna bahati, kwa kuwa samaki yuko palepale.

Mzunguko wa maisha wa Cryptocaryon unaeleza vizuri kwa nini wafugaji wengi walidanganyika. Kimelea hukaa ndani ya ngozi ya samaki kwa siku 3 hadi 7 na kuonekana kama chembe ya chumvi. Kisha hujitoa, huanguka chini, na kujifungia ndani ya ganda. Humo hujigawa mara nyingi. Baada ya siku 3 hadi 28 kwa kawaida, na wakati mwingine zaidi, watoto wake hutoka na kuogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili hufa. Basi mwenye tangi huona madoa siku ya Jumatatu, na Ijumaa hayaoni tena. Anashukuru kwamba samaki amepona, kumbe vimelea viko chini ya mchanga vinaongezeka. Wiki mbili baadaye vinarudi kwa mamia.

Amyloodinium ni hatari zaidi kwa sababu huenda haraka na huanzia kwenye matamvua. Seli moja iliyoanguka inaweza kugawanyika hadi kufikia 256. Samaki anaweza kufa kwa kukosa pumzi kabla ngozi yake haijaonyesha alama yoyote. Hivi ndivyo vifo ambavyo wafugaji huviita vya ghafla, ingawa kwa kimelea chenyewe kazi ilikuwa imeanza siku kadhaa kabla.

Dawa na mipaka yake

Baada ya adui kujulikana, ilitafutwa silaha. Mwaka 1955 Robert Dempster wa akwaria ya Steinhart aliandika kuhusu matumizi ya salfeti ya shaba dhidi ya ugonjwa wa Amyloodinium. Shaba inafanya kazi hata leo, lakini kwa masharti makali. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru kwa lita moja ya maji. Kikipungua, vimelea huishi. Kikizidi sana, samaki hudhurika. Tena shaba huviua vimelea vinapokuwa vinaogelea tu. Haivifikii vikiwa ndani ya ngozi wala ndani ya ganda, kwa hiyo kiwango hicho lazima kidumishwe kwa wiki kadhaa na kupimwa kila siku.

Miaka ya 1980 ilileta njia nyingine. Mwaka 1985 Angelo Colorni, akifanya kazi Eilat kwenye Bahari ya Shamu, alionyesha kwamba kupunguza chumvi ya maji kunaweza kudhibiti Cryptocaryon kwa samaki wanaofugwa. Wafugaji wa matangi baadaye walitumia fikra hiyo kwa kushusha chumvi hadi karibu nusu ya kawaida kwa wiki kadhaa. Njia hiyo haifai dhidi ya Amyloodinium, ambayo huvumilia viwango vingi vya chumvi. Katika muongo huohuo, klorokwini, dawa ambayo wazazi wetu waliimeza kwa malaria, ilianza kutumiwa dhidi ya Amyloodinium. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina funzo la ziada. Tunajua kilichotokea kwa klorokwini na malaria: dawa iliyotumiwa kila mahali kwa miaka mingi ilipoteza nguvu, na hatimaye nchi zetu zikaiacha kama tiba ya kwanza. Kutegemea dawa pekee ni kujiwekea mwisho.

Wakati dawa zikiendelea kupatikana, matangi yenyewe yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida la Marekani namna yake ya kufuga samaki pamoja na matumbawe na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe hai. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 wafugaji wengi walitaka tangi lenye mwamba mzima wa matumbawe. Katika tangi kama hilo shaba haiwezi kuingia. Huwaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe ya chokaa huinyonya kiasi kwamba kiwango chake hakitabiriki. Klorokwini nayo huwadhuru baadhi ya viumbe hao, na kupunguza chumvi huwaua. Kwa hiyo kadiri tangi lilivyofanana na bahari, ndivyo ilivyokuwa vigumu kumtibu samaki ndani yake. Ugonjwa ukishaingia, njia iliyobaki ni kuwatoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki 6 au zaidi, hadi kimelea kikose wa kumshambulia.

Lawama ya tatu: safari na uvuvi

Mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni na ndege ya abiria yenye injini za jeti viliibadilisha kabisa biashara hii baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Samaki aliyevuliwa Ufilipino Jumatatu aliweza kuuzwa Marekani kabla ya wiki kuisha. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba samaki kati ya milioni 20 na milioni 24 wa miamba ya matumbawe, wa aina 1,471, waliuzwa kila mwaka kwa ajili ya matangi.

Safari yenyewe inaua kwa njia inayowashangaza wengi. Ndani ya mfuko uliofungwa, samaki hutoa hewa ya kaboni dioksidi na amonia. Kaboni dioksidi huongeza asidi ya maji, na katika hali ya asidi sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo na madhara makubwa. Mfuko unapofunguliwa, kaboni dioksidi hutoka, asidi hupungua, na amonia hugeuka kuwa sumu kali ndani ya muda mfupi. Mtu anayemhurumia samaki kwa kuufungua mfuko na kumwacha humo saa nzima akimwongezea maji kidogokidogo anaweza kuwa anamuua. Baada ya safari ndefu, ni afadhali kusawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha kumhamisha haraka kwenye maji yaliyoandaliwa yenye chumvi inayolingana, bila kumimina maji ya mfuko ndani ya tangi.

Lawama nyingine ni ya namna ya kuvua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Ufilipino, baadhi ya wavuvi walianza kunyunyizia sianidi kwenye mashimo ya matumbawe ili samaki wazubae na kushikwa kwa urahisi. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1975 ilipiga marufuku jambo hilo, lakini halikukoma. Sianidi huzuia seli kutumia oksijeni. Samaki anaweza kuzinduka, akasafiri, akala, kisha akafa siku au wiki kadhaa baadaye mikononi mwa mtu asiyejua kilichompata. Matumbawe yaliyonyunyiziwa hayasafiri popote. Hufia palepale.

Kenya nayo imeuza samaki wa mapambo nchi za nje kwa miongo kadhaa. Wavuvi huzamia kwenye miamba ya pwani na kuwashika kwa nyavu ndogo za mkono, wakiwemo vitatange wenye rangi na kangaja wa buluu, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfahamu kama samaki mzuri anayeshikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe. Mvuvi hulipwa kwa kila samaki anayemfikisha hai kwa mnunuzi. Baada ya hapo hana habari. Kama kangaja huyo atafia London baada ya siku 10, hasara ni ya mnunuzi wa mwisho, lakini pengo linabaki kwenye mwamba. Na mnunuzi akiagiza mwingine, mwamba utatoa tena.

Karantini: kununua muda

Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, ulitunga sheria kwamba watu wanaotoka sehemu zenye tauni wasiingie mjini kabla ya kukaa siku 30 mahali palipotengwa. Baadaye siku hizo zikawa 40 katika bandari nyingine, na neno karantini linatokana na hesabu hiyo kwa Kiitaliano. Pwani yetu nayo ina kumbukumbu ya jambo hili. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, jengo lililokusudiwa kuwa gereza mwishoni mwa karne ya 19 liliishia kuwa kituo cha karantini cha wasafiri waliofika kwa meli. Kisiwa hicho kimepewa jina la samaki.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watawala wa Ragusa hawakujua tauni inasababishwa na nini. Hawakuwa na hadubini wala dawa. Walichojua ni kwamba ugonjwa uliofichika hujidhihirisha ukipewa muda, na kwamba afadhali ujidhihirishe nje ya lango. Hii ndiyo nguvu ya karantini: haihitaji mtu awe ameshajua ugonjwa. Na ndiyo sababu nasema inajibu lawama zote tatu. Samaki aliyetengwa wiki 4 hadi 6 hupata maji yaliyopimwa na chakula bila kugombania na wenyeji. Vimelea alivyobeba huonekana, na hutibiwa katika tangi tupu lisilo na mawe wala matumbawe, ambamo dawa inaweza kupimika. Aliyelishwa sianidi au aliyechoshwa na safari hujulikana mapema, bila kuwaambukiza wengine iwapo alikuwa na ugonjwa pia.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu: tangi dogo tupu, kichujio ambacho sponji yake imekaa wiki kadhaa katika tangi lenye afya ili ipate bakteria, vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia, kipasha joto, na vipimo vya amonia na shaba. Wavu na ndoo za karantini haziingii katika tangi kuu, kwa kuwa tone moja la maji linaweza kubeba vimelea.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zinastahili kusikilizwa. Wanasema tangi dogo humtia samaki hofu na kumdhoofisha, na kwamba samaki aliyelishwa vizuri katika tangi kubwa hupambana na vimelea mwenyewe. Ni kweli kwamba samaki aliyewahi kuugua Cryptocaryon na kupona hupata kinga ya kiasi fulani. Ni kweli pia kwamba karantini mbaya, yenye amonia nyingi na dawa zilizokisiwa, huua kuliko ugonjwa. Lakini hoja hizi zinashutumu karantini iliyofanywa vibaya. Kumtegemea samaki apambane mwenyewe ni kuwaweka wenyeji wote rehani kwa afya ya mgeni mmoja, na dhidi ya Amyloodinium rehani hiyo hupotea mara nyingi.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika muda wa miaka 170 hivi, watu walijifunza kwa zamu kuhusu hewa, amonia, vimelea, na madhara ya uvuvi na safari. Katika kila hatua kulikuwa na kitu cha kununua: pampu, kichujio, chupa ya shaba, samaki mwingine. Karantini haikuvuma kiasi hicho kwa sababu haiuziki kwa urahisi. Kinachohitajika zaidi ni subira, na muuzaji hapati faida kwa samaki ambaye hakufa.

Hapa ndipo naona jambo linalotuhusu. Kwa sasa gharama ya kungoja imeachiwa mnunuzi wa mwisho, ambaye yuko mbali na mwamba na ambaye anaweza kuiruka bila kuulizwa na mtu. Kama sehemu ya muda huo ingetumika mapema, katika vituo vya kuhifadhia samaki kabla ya kupanda ndege, samaki wachache wangefia njiani na katika nyumba za wanunuzi, na wachache wangehitajika kuvuliwa kujaza nafasi zao. Hilo litawezekana tu ikiwa mvuvi na muuzaji wa pwani watalipwa kwa samaki anayeishi, si kwa samaki aliyefika uwanja wa ndege akiwa bado anapumua. Wanaosimamia uvuvi katika ukanda wetu wanaweza kuanza na swali rahisi ambalo vitabu vya biashara hii mara nyingi havijibu: kati ya samaki 100 waliotoka kwenye mwamba, wangapi walikuwa hai baada ya siku 40?